ZANA YA FUNDI IPIMWE NA FUNDI

Karibu katika kila mji wa Tanzania, kando ya soko au jirani na kituo cha mabasi, yupo fundi wa funguo. Meza yake ni ndogo, na mali yote iliyo juu yake yaweza kuingia katika gunia moja: jiriwa, tupa tatu au nne, koleo, nyundo ndogo, na shada la funguo ambazo bado hazijachongwa. Wapita njia wengi humhesabu kuwa ni mtu wa kazi ndogo. Lakini siku ufunguo wa kabati la vitabu vya shule unapopotea, au ghala la dawa la zahanati linapogoma kufunguka wakati wagonjwa wamekwisha panga mstari, ndipo thamani ya kazi yake inapoonekana. Ndipo pia inapoonekana jinsi zana zake zilivyo duni.

Katika ofisi nyingi za umma desturi imekuwa rahisi: ufunguo ukipotea, kitasa huvunjwa. Ubao wa mlango hupasuka, kitasa kipya hununuliwa, mara nyingi kikiwa kimetengenezwa ng'ambo, na gharama huandikwa katika daftari la matengenezo bila mtu kuulizwa. Fundi ambaye angeweza kutengeneza ufunguo mpya pasipo kuuumiza mlango haitwi, ama kwa sababu hakuna anayemfahamu, ama kwa sababu kazi yake huchukua muda mrefu kuliko subira ya mkubwa wa ofisi. Kwa mlango mmoja hasara hiyo ni ndogo. Kwa milango yote ya shule, zahanati, mahakama na ofisi za kata, ni fedha ya wananchi inayovuja kidogo kidogo bila kishindo.

Kwa hiyo suala la kuboresha zana za fundi huyo ni suala la uchumi wa Taifa, na linastahili kutazamwa kwa makini. Nchi haikukosa vyombo vya kulishughulikia. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, TIRDO, lilifuata mwaka 1979. Mjini Arusha zikaanzishwa TEMDO, inayoshughulikia usanifu wa mitambo, mwaka 1980, na CAMARTEC, inayoshughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, mwaka 1981. Mwaka 1994 ikaundwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Tangu mwaka 2019 yamekuwapo pia mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, ambayo yamewafungulia mlango hata mafundi wa sekta isiyo rasmi. Hatua hizo zote ni za kupongezwa.

Hata hivyo, kati ya meza ya msanifu na meza ya fundi limebaki pengo. Si mara chache zana mpya hubuniwa, ikapigwa rangi, ikapelekwa kwenye maonyesho ya Sabasaba au Nanenane, ikasifiwa na wageni wa heshima, kisha ikarudi stoo na kukaa humo. Waliyoisifu hawakuwa watu wa kuitumia, na wa kuitumia hakuulizwa. Kikombe cha maonyesho kimechukuliwa kuwa ni cheti cha kazi. Hilo ndilo kosa linalopasa kusahihishwa, na mfano wa fundi wa funguo unalieleza vizuri kuliko hotuba.

Ndani ya kitasa cha kawaida mna vijiti vidogo vya shaba, kila kimoja kikiwa kimekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Ufunguo wa haki huviinua vijiti hivyo hata mikato yake yote ikae katika mstari mmoja, na hapo silinda huzunguka. Iwapo ufunguo mmoja upo, fundi huubana katika jiriwa pamoja na ule usiochongwa, na kuchonga hadi zifanane. Iwapo hakuna ufunguo wowote, kazi ni ngumu zaidi. Fundi huingiza ufunguo usiochongwa, huuzungusha mpaka ukwame, na kuutikisa kidogo. Vijiti vilivyobanwa huacha alama ndogo mno juu ya ukingo wa ufunguo, mithili ya nukta ya kalamu. Huutoa, huutazama mwangani, hupiga tupa mara mbili tatu penye alama, na kuurudisha. Mahali ambapo alama imekoma kutokea, hapo huacha kuchonga. Huendelea hivyo kwa subira hadi kitasa kikubali.

Kazi hiyo yote hutegemea zana za asili za ufundi huo, yaani tupa na kitu cha kuushikia ufunguo. Tupa ya meno makubwa huacha mikwaruzo ambayo huificha alama. Tupa iliyo laini kupita kiasi huing'arisha shaba kama kioo, na alama vilevile haionekani kwa urahisi. Koleo la kawaida huteleza na kuiuma shingo ya ufunguo. Zana iliyoboreshwa, basi, ni tupa yenye meno ya kiasi, pamoja na kishikio chenye taya mbili zinazokazwa kwa skrubu, ili mkono wa fundi ushike mpini mnene badala ya kipande chembamba cha shaba.

Mbele ya karatasi ya msanifu, kishikio kirefu ni bora kuliko kifupi, kwa kuwa urefu huongeza nguvu. Lakini mbele ya mlango wa zahanati nguvu nyingi ndiyo adui. Ufunguo wa shaba laini hupinda shingoni, au hukatikia ndani ya kitasa, na shughuli ya muda mfupi ikageuka msiba wa siku nzima. Tena mpini mzito huziba hisia za vidole, na fundi anayefanya kazi hii huongozwa na vidole vyake kama vile anavyoongozwa na macho. Fundi akipewa kishikio hicho akijaribu, atasema kipunguzwe. Atasema pia taya zake zifunguke zaidi, kwa sababu vichwa vya funguo ziletwazo madukani havina kipimo kimoja. Mwisho atauliza kwamba skrubu ile ikipotea, nyingine itapatikana wapi. Maneno hayo matatu hayamo katika vitabu vya uhandisi. Yamo mezani, kando ya soko, na hayatoki hapo mpaka mtu aende kuyasikiliza.

Historia ya ufundi wa makufuli yenyewe inathibitisha kwamba hivyo ndivyo maendeleo yalivyopatikana kwingineko. Mwaka 1784 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya kufuli la aina mpya, ambalo lilikuwa gumu mno kufunguliwa bila ufunguo wake. Tatizo lilikuwa katika kulitengeneza. Vipande vyake vilitaka usahihi mkubwa, na kwa tupa na mkono mtupu kazi ilikuwa ya polepole na ya ghali. Mwaka 1789 Bramah alimwajiri kijana wa miaka 18, Henry Maudslay, aliyekuwa amejifunza uhunzi katika ghala la silaha la Woolwich na kusifika kwa ustadi wake wa kutumia tupa. Kijana huyo hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa fundi wa benchi. Lakini kwa kuwa alizijua zana kwa mikono yake, alijua pia zilipopungukiwa, na katika karakana ile zikatengenezwa mashine za kukatia vipande vya kufuli kwa usahihi ambao mkono peke yake usingeuweza.

Maudslay aliendelea kuboresha mashine ya kukereza vyuma. Hapo zamani mkerezaji wa vyuma alishika patasi yake kwa mikono, na kazi ilifuata uthabiti wa mikono hiyo. Vilikuwapo vifaa vya kuishikilia patasi kabla yake, lakini Maudslay alikitengeneza kifaa hicho upya, kwa chuma na kwa usahihi, hata kikawa msingi wa karakana za kisasa. Mashine za kutengenezea kapi za merikebu za kivita katika bandari ya Portsmouth zilitoka katika karakana yake. James Nasmyth, Richard Roberts na Joseph Whitworth, ambao majina yao yamo katika kila historia ya uhandisi, walipita mikononi mwake. Hivyo tupa ya fundi wa makufuli ilizaa mashine, na mashine hizo zikazaa viwanda.

Lakini katika habari hiyo limo pia jambo la kusikitisha ambalo watumishi wa umma na wakuu wa idara wanapaswa kulizingatia. Mwaka 1797, baada ya kumtumikia Bramah miaka ipatayo minane, Maudslay aliomba aongezewe mshahara wake uliokuwa shilingi 30 kwa juma. Alikataliwa, akaondoka na kufungua karakana yake mwenyewe. Bramah aliokoa shilingi chache na kumpoteza mtu ambaye hangeweza kununuliwa tena. Yeyote anayeichukua kazi ya akili ya fundi na kumlipa kwa jasho la mikono peke yake, atampoteza fundi huyo vivyo hivyo.

Kisa cha pili kilitokea mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London. Kwa miaka mingi kufuli la Bramah lililotengenezwa na Maudslay lilikuwa limewekwa katika dirisha la duka mtaa wa Piccadilly, na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa atakayetengeneza chombo cha kulifungua. Kufuli jingine mashuhuri, la Chubb, lililobuniwa mwaka 1818, lilikuwa na sifa ya kukwama na kumjulisha mwenyewe kwamba lilichezewa. Fundi wa makufuli kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs, aliyekuja kuonyesha makufuli ya kampuni ya kwao, alilifungua la Chubb mbele ya mashahidi kwa dakika kama 25. Kisha akaomba kujaribu la Bramah. Kanuni aliyoitumia ilikuwa ya zamani, nayo ni kuupapasa moyo wa kufuli huku likikazwa kidogo. Kilichokuwa kipya ni chombo. Alifunga kifaa imara kilichosukuma daima kwa nguvu ileile, na mkono wake ukabaki huru kupapasa kipande kimoja baada ya kingine katika vipande 18. Kazi ilimchukua saa 51, zilizogawanyika katika siku 16. Wenye karakana walinung'unika juu ya namna jaribio lilivyofanywa, lakini kamati ya waamuzi watatu iliamua kwamba ameshinda, na zawadi yake akalipwa.

Jambo kubwa katika kisa hicho ni utaratibu wenyewe. Palikuwa na masharti yaliyokubaliwa kabla ya kuanza. Palikuwa na waamuzi. Saa zilihesabiwa. Matokeo yaliandikwa na kutangazwa, ingawa yaliwaumiza wenye sifa kubwa. Na baada ya hapo watengenezaji wa makufuli walilazimika kuyaboresha. Hata kufuli la kampuni iliyomtuma Hobbs halikusalimika, kwani baadaye lilifunguliwa na Mmarekani mwenzake, Linus Yale mdogo, ambaye katika miaka ya 1860 alipata hataza za kitasa cha vijiti na ufunguo bapa. Kanuni ya vijiti hivyo ilijulikana tangu kale katika makufuli ya mbao ya Misri. Ndicho kitasa ambacho leo kimo katika milango ya ofisi nyingi za Tanzania, na ndicho anachohangaika nacho fundi aliye kando ya soko.

Wapo watakaosema kwamba kuwapa mafundi zana bora za makufuli ni kuwanoa wezi. Hoja hiyo ilitolewa pia London wakati ule, na Hobbs aliijibu kwa kueleza kuwa wahalifu huujua udhaifu wa makufuli mapema kuliko raia wema, na kwamba kuuficha udhaifu huo humdhuru mnunuzi peke yake. Jibu hilo lina nguvu hata sasa. Mwizi wa usiku hana haja ya tupa laini na subira ya saa nzima. Yeye huja na mtaimbo. Hata hivyo wasiwasi wa wananchi usidharauliwe. Dawa yake ni kuufanya ufundi huo uwe wa watu wanaojulikana, walioandikishwa na uongozi wa mtaa, wenye daftari la kazi wanazozifanya, na wasiokubali kuchonga ufunguo kwa mtu asiyeweza kueleza mlango ni wa nani. Fundi anayetambuliwa na kuheshimiwa ana heshima ya kulinda. Yule anayefukuzwa kila siku kama mchafuzi wa barabara hana cha kupoteza.

Wengine watamnyamazisha fundi kwa methali, wakisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Iliwekwa kwa ajili ya mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Kuitumia dhidi ya mtu anayefanya kazi tangu alfajiri hadi jioni, na ambaye anataka tu zana isimvunjie kazi yake, ni kuipotosha. Anayelima kweli ndiye anayejua jembe lipi lina mpini mbovu, na kumwuliza ni hekima.

Wala ufundi wa chuma si jambo la kuazima katika nchi hii. Wahunzi wa Buhaya waliyeyusha chuma karne nyingi kabla ya meli za kigeni kufika, na tanuri ndefu za Ufipa ni ushahidi wa maarifa yaliyokuwapo. Maarifa hayo yalififia pale majembe na vyuma vya bei rahisi kutoka ng'ambo vilipoyajaza masoko wakati wa ukoloni, na mhunzi akaachwa bila kazi na bila wanafunzi. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba katika karakana kila mmoja ana sehemu yake, na ujuzi hurithiwa kwa kuushiriki. Ujuzi usioshirikiwa hufa na mwenyewe.

Kutokana na hayo, wajibu wa kila mmoja ni dhahiri. Taasisi za utafiti na usanifu zinapaswa kuhesabu kwamba zana haijakamilika mpaka mafundi wa kazi hiyo wameitumia kwa muda wa kutosha, katika mazingira yao, wakiwa na haki ya kuikataa. Sampuli ya kwanza ipelekwe kwa mafundi kadhaa kabla ya kupelekwa kwa wapiga picha. Waliyoyaona yaandikwe, pamoja na yale yaliyoshindikana, kwa maana jaribio lililoshindwa na kuandikwa humwokoa mwingine asirudie hasara ileile. Na zana ikifaulu, jina la fundi aliyeirekebisha liwekwe pamoja na jina la mhandisi aliyeichora, na malipo yafuate jina.

Maofisa wa serikali kuu na wa halmashauri nao wana sehemu yao. Kabla ya kuagiza kitasa kivunjwe, fundi aitwe. Kila ofisi iwe na ufunguo wa akiba uliohifadhiwa kwa maandishi, na vitasa vinavyonunuliwa viwe vya aina chache ambazo funguo zake hupatikana na kuchongwa hapa nchini. Jambo hili halihitaji kikao cha bodi wala fungu jipya la fedha. Linahitaji mtu mmoja mwenye kujali mali ya umma. Kadhalika, utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi uelezwe kwa mafundi wa barabarani kwa lugha wanayoielewa, ili yule aliyejifunza kwa baba yake au kwa mjomba wake apate cheti bila kuanza upya kana kwamba hajui kitu.

Walimu wana nafasi kubwa kuliko wote. Tangu mwaka 1967, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayowatenga vijana na kazi za jamii yao. Mitaala mipya iliyoanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari, na kwa hiyo fursa imerudi. Lakini amali ikifundishwa ubaoni tu, kwa kuandika majina ya tupa na kuyakariri kwa ajili ya mtihani, itakuwa ni somo jingine la nadharia lililovikwa aproni. Fundi wa funguo, fundi cherehani na mhunzi wa jirani waalikwe shuleni, walipwe kwa saa zao, na wanafunzi wapewe kufuli moja bovu kwa kila kikundi walifungue, walichore, waeleze linavyofanya kazi na waseme lina kasoro gani. Mwanafunzi aliyepima kwa mkono wake tofauti kati ya tupa mbili amejifunza fizikia, amejifunza uvumilivu, na amejifunza kutomdharau mtu wa kazi.

Mafundi wenyewe nao wasisahau upande wao. Zana mpya isikataliwe kwa sababu tu haikutoka kwa mzee aliyewafundisha. Ipewe muda, ijaribiwe kwa haki, na kasoro zake zielezwe bila uchoyo, kwa kuwa fundi anayeficha alichogundua hujenga uzio unaomzuia yeye mwenyewe kusonga mbele. Vikundi vya mafundi na ofisi za SIDO za mikoa vinaweza kuwa mahali pa kukutanisha maoni hayo.

Taifa linalotaka viwanda haliwezi kuvianzisha kwa kuipita meza ya fundi mdogo bila kuitazama. Bramah alikuwa na hataza, duka na jina kubwa, lakini alihitaji mikono ya kijana mhunzi ili kufuli lake liwe bidhaa. Tanzania ina vijana wa namna hiyo katika kila wilaya. Kinachotakiwa ni kuwapa tupa nzuri na kishikio cha kiasi, kuwasikiliza wanaposema kwamba kishikio ni kirefu, na kukipunguza.